Fanta Zilizokuja Bila Neno

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na wanaonisema kwa hilo waendelee kusema. Nanunua mawese kwa wakulima wa Minago na Kigwena, nayauza kwa wafanyabiashara wanaoyapeleka Bujumbura, na kazi hiyo haimfai mtu mwenye moyo laini. Mtu anakuletea bido, yaani dumu la plastiki, imejaa hadi mdomoni, rangi nyekundu inapendeza, anakusalimia amahoro kwa unyenyekevu mpaka unamwonea huruma, kumbe chini ametia maji. Ndiyo maana natembea na kijiti kirefu. Nakizamisha hadi chini kabisa, nakitoa, nadondosha tone kwenye kikaango cha moto. Mawese safi yananyamaza. Yenye maji yanarukaruka na kupiga kelele, na mwenye bido anaanza kuangalia miguu yake. Mume wangu husema siku nikifika peponi nitamwomba malaika mlangoni asubiri kidogo nichovye kijiti. Anatania, lakini nyumba hii haijawahi kula hasara kwa sababu yangu.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa zamani alipoanza kuniletea fanta, roho yangu haikutulia.

Asiyekulia kwetu Rumonge atashangaa. Fanta, na huku soda yoyote tunaiita hivyo, ina ubaya gani? Ubaya ni kwamba kwetu kinywaji hakitembei peke yake. Mtu akikuletea kaziye nzima, yaani kreti la plastiki na chupa zake, amekuja na jambo. Kwa majirani zetu Wakristo ni bia, kwetu Waislamu ni fanta, ila utaratibu ni ule ule. Kaziye inawekwa katikati ya sebule. Mwenyeji anafungua, watu wanakunywa, wanaulizana habari za watoto na habari za ziwa. Chupa zikifika nusu mgeni anasimama, anakohoa kidogo, anatoa neno lake: naomba binti yenu, naomba mnisamehe, naomba kipande cha kulima. Mwenyeji haulizi. Kumwuliza mgeni neno lake kabla hajasimama ni kumfukuza kwa adabu. Na ukishakunywa huwezi tena kusema hutaki kusikia. Ombi unaweza kulikataa, lakini kusikiliza ni lazima.

Mwalimu alileta kaziye, tukanywa, akauliza habari za biashara, akawasifu watoto, akachukua kofia yake, akaenda. Hakusimama wala hakukohoa.

Mara ile ya kwanza nilijipa moyo. Labda neno lilimponyoka njiani, maana ni mzee sasa, kichwa cheupe chote. Nikarudisha chupa tupu dukani, nikaendelea na kazi. Lakini moyoni nilipiga hesabu. Idi ilikuwa imepita zamani. Sikuwa nimezaa, sikuwa nimefiwa, sikuwa nimejenga. Na kubwa kuliko yote, mwalimu hampelekei mwanafunzi wake kinywaji. Mwanafunzi ndiye anayempelekea mwalimu. Mimi mwenyewe nilimpelekea nilipoolewa, nikasimama mbele yake nikamshukuru, akafuta macho akisingizia moshi. Sasa fanta kutoka kwake kuja kwangu zilikuwa zinaelekea upande usio wake.

Inabidi nieleze yeye ni nani kwangu. Nilizaliwa Tanzania, kambini. Babu yangu alikimbia Rumonge na watu wake katika miaka ile ya mauaji, mama akiwa mtoto mdogo, naye akafia huko huko akilima mahindi katika udongo wa wenyewe. Mama alipoamua kurudi, mimi nilikuwa msichana mrefu, ninajua Kiswahili cha shule na Kirundi cha nyumbani, na Kifaransa sikijui hata cha kusalimia. Shuleni wakaniweka kalasi ya watoto wadogo. Magoti yangu yaligonga dawati, na wenzangu walioshindwa kunifikia bega waliniita Mtanzania, jina walilolitamka kana kwamba ni ugonjwa.

Mwalimu wa kalasi ile alikuwa mtu wa milimani, mrefu, mkavu, suruali imepigwa pasi ya mkaa hadi ina ukali wa kisu. Alikuwa ameletwa huku ziwani kijana, akazeekea hapa, katika michikichi yake ya Kigwena. Hakuwa mpole. Lakini wenzangu walipokwenda kula mchana, mimi alinibakiza. Alinifundisha Kifaransa neno kwa neno, akinigawia viazi vitamu vyake, na aliposema rudia, nilirudia mpaka mate yakanikauka. Kufika mwisho wa mwaka nilirushwa madarasa. Kila nilichonacho leo, kuanzia kusoma mikataba ya wanunuzi hadi kumjibu mtu wa ofisini bila kutetemeka, kilianzia katika chumba kile chenye harufu ya chaki na viazi.

Alinifundisha pia kuhakikisha. Kuna njia ya zamani waliyotuachia Wabelgiji: ukishazidisha namba kubwa unachora msalaba wa mshazari, unajumlisha tarakimu za kila namba, unatupa tisa zote, mabaki unayaweka katika pembe za msalaba. Mabaki ya juu na chini yasipolingana, hesabu yako ni mbovu. Niliipenda njia hiyo kuliko peremende. Mama aliona misalaba katika karatasi zangu akapandisha sauti: huyo mtu anakufundisha dini gani? Nikamweleza kwamba ni hesabu tu. Hakucheka. Nilidhani ni kwa ajili ya dini.

Jambo ambalo wengine hawalikumbuki, na mimi nalikumbuka, ni onyo la mwalimu baada ya kutufundisha. Alisema: ikikataa, hakika umekosea, ikikubali, usishangilie bado. Kwa sababu ukizipindua tarakimu mbili, ukaandika sitini na tatu mahali pa thelathini na sita, njia ile haioni kitu. Itakubali na hesabu ni mbovu. Watoto wengine walikasirika. Sasa ina faida gani? Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimempata mtu mzima anayekubali kwamba hata kile anachokufundisha kinaweza kukudanganya.

Kwa hiyo kama leo ninamchunguza kila mtu, aliyenifundisha ni yeye. Alipokuja mara ya pili na kaziye nyingine, akakaa kiti kile kile, akanywa, akasifu watoto, akaenda bila neno, nikaanza kumchunguza na yeye.

"Huyu muzee iko na kitu," mume wangu alisema, akimalizia chupa iliyobaki, maana yeye wasiwasi haumzuii kunywa. "Labda anatafutia kijana yake bibi. Mudogo yako hajaolewa."

"Watoto wake wako Bujumbura, wote wameoa."

"Basi anataka umuchukulie mawese kwa bei ya juu."

"Mawese yake nachukua miaka yote. Hajawahi lalamika."

"Basi mi sijui. Mwambie alete ya machungwa, hii nyekundu imetuchosha."

Nilimwomba mama ushauri. Mama anaishi nasi, ana chumba chake upande wa uani. Kila mwalimu alipokuja, mama alimsalimia mlangoni kwa maneno machache, akarudi jikoni. Nikimpelekea chupa hukataa.

"Fanta iko na sukari nyingi," aliniambia. "Miaka yangu hairuhusu."

"Lakini unafikiri anataka nini?"

"Nitajuaje? Mwalimu ni wako."

Aligeuka kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri. Nililiona hilo, nikaliweka akilini. Usiku uleule nilikumbuka pia kitu cha utotoni. Mwalimu alikuwa akinipa wakati mwingine chupa ndogo ya mawese niipeleke nyumbani. Sisi tulikuwa hatuna kitu, tunakula ugali wa muhogo na mboga za lenga-lenga zilizochemshwa kwa chumvi. Na mama alikuwa akichukua chupa ile, anashukuru, kisha anakwenda kuimwaga nyuma ya choo. Nilipomfuma aliniambia mawese yale yana maji. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kutazama mawese kwa jicho baya. Lakini kwa kazi ninayoifanya sasa najua kwamba mawese ya mwalimu hayajawahi kuwa na maji. Ni safi kuliko yote yanayotoka Kigwena.

Kaziye ya tatu ilinikuta nimeshaanza upelelezi. Wakulima wanaoniletea bido kutoka Kigwena niliwauliza kijanja, nikichovya kijiti huku nikizungumza kana kwamba ni soga. Wakasema kuna wageni wameonekana katika michikichi ya mwalimu, wamevaa viatu vya mjini, wanapima kwa utepe kutoka msituni hadi kijitoni. Nikauliza ni akina nani. Wakasema hawajui. Nikauliza pia swali lililokuwa likinikera siku nyingi: kwa nini mahali pale wenyeji wanapaita kwa Seremala, wakati mwalimu hajawahi kushika randa? Mzee mmoja aliyekuwa anacheka nami akaacha kucheka. Akasema hayo ni majina ya zamani tu, akaomba bido zake tupu.

Hapo picha ilinijia kamili, na sikuipenda. Shamba linauzwa. Kwetu huku, ambako kila kipande cha ardhi kina aliyekimbia na aliyebaki, kuuza shamba kunataka mashahidi wenye majina mazuri. Ardhi inauzwa mara mbili, mnunuzi analia, na shahidi ndiye anayeitwa kujibu. Mwalimu alikuwa ananilainisha kwa fanta ili siku moja niweke kidole changu mahali. Mwalimu wangu! Nilikasirika kwanza, kisha nikaona huzuni, kisha nikakasirika tena kwa sababu ya ile huzuni.

Alipoleta ya nne sikuifungua. Niliipokea, nikaisukuma pembeni, karibu na bido zangu, nikamletea chai. Katika desturi zetu hilo ni tusi lisilo na kelele, maana yake sijakubali kusikia. Mwalimu alikiona kitendo hicho. Alikunywa chai polepole, akaniuliza kama mvua zimeharibu barabara ya Magara, nikamjibu kwa mkato. Wakati wa kuondoka alisimama, na kwa muda mfupi nilidhani atasema. Mdomo ulifunguka. Kisha akauvaa uso wake wa ubaoni, akashukuru, "Murakoze, mwanangu," akatoka. Akarudi kuchukua kofia aliyoisahau, na mimi badala ya kumwonea huruma nikajiuliza anaogopa nini.

Siwezi kuishi na kitu kilichofungwa ndani ya nyumba. Chupa zile zilinitazama kila nilipopita na bido. Kumwuliza nyumbani kwangu nisingeweza, desturi inakataza. Lakini nikagundua mlango mwingine, nikashangaa sikuuona mapema. Kama kinywaji kinamfunga anayekinywa kusikiliza, basi nimpelekee mimi.

Nilimwambia mama asubuhi kwamba ninakwenda Kigwena.

"Kufanya nini kule?"

"Kwa mwalimu. Nataka nijue neno lake."

Mama alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye ungo. Vidole vyake vilisimama. Miaka yote tangu turudi hakuwahi kwenda Kigwena, ingawa si mbali, na nilizoea kufikiri ni uvivu wa safari.

"Ukikuta anakuambia kitu," alisema, "usimupigie makelele. Ni muzee."

Sikuelewa, na mama akishanyamaza humtoi neno hata kwa koleo.

Esansi ilikuwa imeadimika, pikipiki zimelala, kwa hiyo nilipanda baiskeli, kaziye imefungwa nyuma yangu na mpira, mwenye baiskeli anatukana kila kilima. Kushoto ni milima, kulia ni ziwa lililopanda na kula vibanda vya watu. Tulipofika kwenye michikichi kulikuwa na kivuli na baridi. Mwalimu alikuwa anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Alinipokea mlangoni, akaiona kaziye, na uso wake ukabadilika. Alijua desturi kama mimi.

Aliifungua mwenyewe. Tulikunywa. Hakuna aliyeuliza habari za watoto. Chupa yangu ilipofika nusu nilisimama, nikakohoa.

"Mwalimu, leo ni mimi niko na neno. Fanta zako zimekuja kwangu mara nyingi, neno halikuja. Nimekuja kulichukua."

Aliweka chupa chini. "Nilikufundisha vizuri sana," alisema. "Kaa."

Nikakaa.

"Hapa wanapaita namna gani?"

"Kwa Seremala."

"Unajua huyo seremala ni nani?"

"Hapana."

"Ni babu yako."

Nilimwambia babu yangu alikuwa mkulima wa mahindi. Akatikisa kichwa. Alinieleza pole pole, kama alivyokuwa akieleza Kifaransa. Babu alichonga mitumbwi na milango ya nusu ya watu wa pwani hii, na michikichi ile aliipanda yeye. Alipokimbia, randa na misumeno vilibaki humu ndani. Baadaye wakubwa wa wakati ule waligawa mashamba yaliyoachwa. Mwalimu alikuwa kijana ametoka milimani, ameoa juzi, hana pa kulala. Wakampa hapa. Hakuuliza ni pa nani, kwa sababu aliyeuliza wakati ule alijitafutia matatizo.

"Kisha siku moja," alisema, "mama mumoja akaja shuleni kuandikisha mutoto. Nikamuuliza ukoo. Akaniangalia sana, akasema: huyu ni mujukuu wa seremala wa Kigwena. Hakusema kitu kingine. Wewe ulikuwa inje, umesimama kwa jua."

Basi mama alijua. Alijua alimokuwa ananipeleka. Na viazi vitamu vile, na chupa zile za mawese zilizokuwa zinamwagwa nyuma ya choo, vyote vilikuwa vimetoka kwenye shamba la baba yake.

"Na wale wenye utepe?"

"Watoto wangu. Wanataka kuuza mimi nikiwa bado mzima. Nataka niseme mbele ya watu wa hapa, kabla ya wao, kwamba shamba liko na wenyewe. Nilitaka kuomba wewe na mama yako mukuje. Ndilo neno."

"Kwa nini hukulisema mara ya kwanza?"

Alitazama mikono yake. "Kwa sababu ulikuwa bado unaniita mwalimu vile unaniita. Nilisema, acha nikunywe moja tena."

Mama alinikataza makelele, na sikupiga. Lakini sikumuaga pia. Niliondoka chupa yangu ikiwa nusu. Njia nzima nilihisi nimeibiwa kitu, na hakikuwa shamba. Shamba sikuwahi kulijua. Kilichoibiwa ni ule mchana, kalasi tupu, mtu mkali anayeniambia rudia. Miaka yote nilikuwa nimejigamba moyoni kwamba kati ya watoto wote wale aliniona mimi, kwamba kulikuwa na kitu kichwani mwangu kilichomfanya aache chakula chake. Sasa ilionekana hakuniona mimi. Alimwona seremala.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa, ananisubiri.

"Ulinipeleka kwake ukijua."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukudai shamba? Wengine walidai."

"Wengine walikuwa na wanaume wa kwenda ofisini kila siku," alisema. "Mi nilikuwa na watoto, sina hata viatu. Shule ilikuwa karibu, na watu walikuwa wameniambia mwalimu wake ndiye anakaa kwa baba. Nikasema, huyu mutu akiwa na roho, ataonyesha. Asipokuwa nayo, basi nitajua."

"Na mawese ulimwaga."

"Kufundisha mutoto wangu nilikubali. Kula michikichi ya baba yangu kwa kugawiwa, hapana."

Nilimlaumu nikamaliza, naye alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza kama nimekula. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu mbaya wa kuishi naye. Nilirudia kila wema wa mwalimu, mmoja mmoja, na kila mmoja niliugeuza upande wa pili nikakuta woga umeandikwa hapo. Alinirusha madarasa: woga. Alikuja kwenye msiba wa kaka yangu na mchele: woga. Alilia nilipoolewa. Moshi, au woga? Mume wangu aliacha kunitania, na hilo ndilo lililonionyesha kwamba nimezidi. Nilijifunza wakati ule kwamba shaka haina breki. Ukiiacha ifanye kazi inayoijua, inakwenda hadi kwenye vitu ambavyo ukishavibomoa huna pa kukaa.

Tulikwenda Kigwena, mimi na mama, siku ambayo mwalimu aliwaita wazee wa kijiji pale. Wanawe hawakuja. Mama alitembea kati ya michikichi bila kuongozwa na mtu, akashuka hadi kijitoni, akasimama mahali alipokuwa akichota maji kabla hajakimbia. Mwalimu alisema mbele ya wote kwamba analirudisha shamba lote. Mama ndiye aliyekataa. Alisema upande wa kijito unamtosha, upande mwingine mwalimu ameulima maisha yake yote na mkewe amezikwa huko, abaki nao. Wazee wakaona ni sawa, maana wengi huku wamemaliza kwa kugawana. Mama hakumkumbatia wala hakumpa mkono. Alimwambia tu, "Mulimufundisha. Nimeona." Kisha akaniomba tumpatie mzee maji, jua limekuwa kali.

Wazee walipoondoka nilibaki naye. Nilikuwa nimelibeba swali langu wiki zote zile, na nililiuliza vibaya, kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa.

"Mwalimu, ulinifundisha kwa sababu gani? Mimi, ama hii michikichi?"

Alikaa juu ya gogo, akanyoosha mguu unaomsumbua.

"Miezi ya kwanza, michikichi," alisema. "Sitakudanganya. Nilikuwa nakuona pale mbele, naona mama yako. Nilikuwa naogopa hata kukupa zero."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma yake iko siku moja. Niliandika hesabu kwa ubao nikakosea. Kalasi yote ikaandika kosa yangu. Wewe ukasimama, ukasema kwa Kifaransa kibovu: mwalimu, umekosea. Wenzako wakacheka. Nilikuambia ukae, hukukaa. Ulisimama mpaka nikafuta. Siku ile nilirudi hapa nikicheka njia yote. Nilifika kwa mulango, nikaona michikichi, ndipo nikakumbuka wewe ni mutoto wa nani. Tangu asubuhi nilikuwa nimesahau."

Nilitaka kumwamini. Na bado mdomo wangu, kwa mazoea, ulianza kazi yake.

"Ilikuwa hesabu gani?"

"Sikumbuki."

"Nani aliona?"

"Kalasi yote."

"Nilivaa nini?"

"Kaki," alisema, "kama wote." Akacheka hadi akapaliwa, nikampiga mgongoni.

Mimi siikumbuki siku hiyo. Nimeitafuta kichwani kila kona, haimo. Nilimwuliza mwanamke tuliyekaa naye dawati moja, ambaye sasa anauza ndagala Magara. Alisema nilikuwa nasimama na ubishi wangu kila siku, atajuaje ni siku ipi. Mama hakuwepo. Hakuna mwingine wa kumwuliza. Mzee anayeogopa kupoteza mtu anaweza kuitunga siku kama hiyo, na hakuna anayelijua hilo kuliko mimi.

Nimeiamini. Sikushindwa kuichunguza zaidi. Ningeweza kuendelea, ninajijua. Nimeamua tu kwamba ilitokea, kwamba nilisimama na Kifaransa changu kibovu, na kwamba mtu mmoja alirudi nyumbani akicheka kwa ajili yangu mimi.